Uongozi Unaotoka kwa Watu: Fundisho la Litowa na la Mtu ni Afya

UTANGULIZI

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mambo manne ambayo nchi yetu inayahitaji ili iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu na ardhi tulivikuta. Siasa tuliijadili na kuiandika. Uongozi bora hauna njia ya mkato ya namna hiyo. Hauandikwi ukakamilika, haurithiwi kwa baba, wala hauletwi na barua ya uteuzi. Ni lazima ujengwe, na ujengwe upya kwa kila kizazi. Ndiyo sababu Chama chetu, tangu enzi za TANU, kimetumia nguvu nyingi katika mafunzo ya uongozi: vyuo, semina, kampeni, vikundi vya kujisomea. Makada wengi wanaosoma kurasa hizi wamepitia mafunzo ya aina moja au nyingine.

Lakini historia inatuonyesha kwamba mafunzo hayo hayakuzaa matunda sawa. Mahali pengine yaliwaamsha wananchi wakakutana, wakajadili, wakaamua, wakachimba na kujenga. Mahali pengine yalitoa wasemaji hodari ambao kijiji kiliwasikiliza kwa adabu kisha kikaendelea na shughuli zake. Kwa nini?

Katika makala haya tunatoa jibu kwa kuchambua mifano miwili ya nchi yetu wenyewe: vijiji vya ujamaa vya Ruvuma kati ya 1960 na 1969, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Hoja yetu ni kwamba mafunzo ya uongozi huamsha umma pale yanapotimiza masharti mawili kwa pamoja. Sharti la kwanza: anayefundishwa atoke kwa watu na arudi kwa watu. Sharti la pili: hao watu anaorudi kwao wawe na uwezo wa kweli wa kuamua mambo yao. Likikosekana la kwanza tunapata warasimu. Likikosekana la pili tunapata hamasa ya msimu, ambayo hunyauka kama mahindi yaliyokosa mvua ya pili.

URITHI TULIOACHIWA

Mkoloni naye alikuwa na mpango wake wa uongozi wa vijijini. Katika utawala wa Waingereza uliopitia kwa machifu, kiongozi wa mahali alikuwa mkono wa Bwana Shauri. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kutoa watu wa kazi na kupitisha amri. Machifu wengine walikuwa na heshima ya kweli kwa watu wao, lakini mfumo wenyewe uliwataka wawajibike juu, si chini.

Matokeo yake yalionekana wazi katika milima ya Uluguru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi mashambani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kuzuia mmomonyoko si jambo baya. Lakini wataalamu hawakuwauliza Waluguru, ambao walikuwa wakilima milima ile kwa vizazi vingi na walijua udongo wake, na amri ikapitishwa kwa mkono wa watawala wa jadi. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka, damu ikamwagika, na mpango ule ukavunjika. Hapa kuna fundisho ambalo wengi wetu tulilisahau baada ya Uhuru: hata jambo lenye manufaa, likiletwa kama amri, huonekana kuwa adui.

Wakati huo huo, uongozi wa namna nyingine ulikuwa ukikua pasipo chuo chochote. Huko Usukuma, Paul Bomani na wenzake walikuwa wakiwaunganisha wakulima wa pamba katika ushirika wao wenyewe. Mjini Dar es Salaam, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU hakuanza kwa kuwatafuta wenye vyeti. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Wanawake hao walikwisha kuzoea kuitisha mikutano, kuchanga fedha, kupatanisha wagomvi na kuaminiana. Maelfu walijiunga kwa muda mfupi. TANU haikuwaumba viongozi hao. Iliwakuta, ikawapa lengo la taifa.

CHUO NA NYUMBA KUMI

Baada ya hapo kulikuwa na haja ya kuwapa elimu watu wa namna hiyo. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru. Kilikusudiwa watu wazima waliokwisha kufanya kazi katika Chama, ushirika, vyama vya wafanyakazi na vijiji, ambao ukoloni uliwanyima shule. Wazo lake lilichukuliwa kwa sehemu kutoka Chuo cha Ruskin kule Oxford, kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Uingereza. Wanafunzi walisoma uchumi, historia na siasa. Walishika pia majembe. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu asome kisha arudi alikotoka. Katika miaka ya 1970 Kivukoni kikawa chuo cha itikadi cha Chama, na leo ni sehemu ya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, akiwataka wanachama wakosoane bila woga na bila chuki. Muda mfupi baadaye TANU ikaanza kujenga mashina ya nyumba kumi kumi. Mjumbe wa nyumba kumi alichaguliwa na majirani zake. Alijua nani mgonjwa, nani amegombana na mkewe, mtoto wa nani haendi shule. Hakuwa na mshahara. Akikosea, watu wa kumwambia walikuwa mlangoni pake. Kwa nadharia, basi, tulikuwa na mambo yote mawili: chuo cha kunoa na shina la kurudia. Swali lililobaki lilikuwa ni nani ataamua.

LITOWA

Jibu moja lilitoka mbali na makao makuu. Mwaka 1960, karibu na Songea, kikundi kidogo cha vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU waliingia porini mahali paitwapo Litowa ili kuishi na kulima pamoja. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa Ntimbanjayo Millinga, katibu wa Umoja huo katika eneo hilo. Jaribio la kwanza lilishindwa. Njaa iliingia na wengi wakaondoka. Walijaribu tena, safari hii wakiweka mbele shamba la chakula kabla ya jambo lingine lolote. Walipoweza kujilisha, wakaweza kukaa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu makada hupenda kuanza na bendera na kumalizia na chakula.

Vijiji vingine vikafuata mfano, na mwaka 1963 vikaunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa herufi RDA. Kufikia mwaka 1969 vijiji hivyo vilikuwa 17. Vilikuwa na mashine ya kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao. Litowa ilikuwa na shule ambamo watoto walisoma, walilima na kushiriki katika kuiendesha shule yenyewe. Mwalimu Nyerere aliitembelea Litowa na kuiunga mkono, na waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967 unafanana sana na yale yaliyokuwa yakitendwa kule.

Makada wanapaswa kuangalia kwa makini jinsi uongozi ulivyojengwa katika vijiji hivyo. Mambo matatu yanajitokeza.

Kwanza, mkutano wa wanakijiji ndio uliokuwa na kauli ya mwisho. Kazi ya wiki, mgawanyo wa mavuno, adhabu ya mvivu, mwanachama mpya kupokelewa au kukataliwa, yote yalipita hapo. Mwenyekiti alikuwa shambani na wenzake asubuhi, na jioni akajibu maswali yao. Katika hali hiyo mtu hujifunza uongozi kwa kuongoza, na mwanakijiji hujifunza uraia kwa kupiga kura juu ya debe la mahindi analolijua kwa macho.

Pili, mafunzo yalitoka kijiji hadi kijiji. RDA iliunda kikosi cha wanachama wenye uzoefu, kilichoitwa SERA, ambao walikwenda kuishi katika vijiji vichanga na kusaidia kazi. Mafunzo ya namna hii hayana jukwaa. Mwalimu analala katika kibanda kile kile kinachovuja na kula ugali ule ule. Akisema kwamba jambo fulani linawezekana, watu wanajua ametoka mahali ambapo limewezekana.

Tatu, vijiji viliwatumia wataalamu bila kuwafanya mabwana. Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuja kuwa mshauri wao, alishauri; mkutano uliamua.

UAMUZI WA 1969

Hapa tunafika mahali pagumu. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuivunja RDA. Vijiji viliwekwa chini ya usimamizi wa Chama moja kwa moja. Mali za RDA, pamoja na mashine zile, zilichukuliwa. Walimu wa Litowa walihamishiwa shule nyingine, na washauri kutoka nje wakaondoka.

Tujisahihishe. Uamuzi ule ulikuwa na hoja zake, na si haki kuzificha. RDA ilipokea misaada kutoka nje na ilikuwa na mshauri mgeni, jambo lililotia shaka katika miaka ile, wakati nchi ilikuwa imetoka tu kutangaza kujitegemea. Yalikuwapo mashaka kwamba chama cha nchi nzima hakiwezi kuwa na chama kingine pembeni yake kinachojenga ujamaa kwa utaratibu wake. Mtu mwenye nia njema aliweza kuuliza: je, kila wilaya ikianzisha chombo chake, umoja wetu utabaki wapi?

Lakini tukichambua kwa undani tunaona mgongano wa aina nyingine. Vijiji vya Ruvuma vilikwisha kuzoea kuuliza maswali. Afisa aliyekuja na amri ya zao fulani alikuta watu wanaotaka kujua bei, mbolea na nani atabeba hasara. Kwa mkulima hayo ni maswali ya kawaida. Kwa mtumishi aliyelelewa katika desturi za Bwana Shauri ilikuwa dharau. Hapo ndipo tunapoona kwamba urasimu una maslahi yake, na kwamba mtu anaweza kuimba ujamaa asubuhi na kuuogopa mchana unapomjia katika umbo la wanakijiji wanaojiamulia.

Hasara haikuwa mashine tu. Mashine hununuliwa. Tulipoteza watu waliokwisha kufundishwa na kazi kwa karibu miaka tisa, na tukawafundisha wenzao kote nchini, bila kukusudia, kwamba kijiji kikijiamulia sana kitavunjwa. Fundisho hilo lilisambaa pasipo semina.

MTU NI AFYA

Haitakuwa haki tukidhani kwamba kila kitu kilichopangwa kutoka Dar es Salaam kilishindwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kuanzia hapo taifa lilifanya kazi kubwa. Katika sensa ya 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua walikuwa chini ya asilimia 10. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wenye vyeti pekee. Ilifanywa pia na watu wa vijijini waliojua kusoma kidogo na kukubali kuwafundisha majirani zao chini ya mwembe.

Katika mkondo huo ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Mpango wake ulikuwa rahisi na wa busara. Kwa wiki 12 Radio Tanzania ilirusha vipindi. Vikundi vya wananchi vilikusanyika, vikasikiliza, vikasoma sura ya kitabu kwa pamoja, vikajadili, kisha vikaamua la kufanya. Waliojiunga walikadiriwa kuwa milioni 2, na viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa wapatao 75,000. Mafunzo yao yalishuka kwa ngazi: taifa, mkoa, wilaya, hadi kijiji.

Tunasisitiza jinsi kiongozi wa kikundi alivyoelekezwa. Hakutakiwa kuhutubia. Alitakiwa kuongoza majadiliano, kumpa nafasi mwenye haya, kumpunguza mwenye maneno mengi, na kuhakikisha kikundi hakitawanyiki kabla ya kukubaliana juu ya kazi. Wakisoma habari za malaria, walikwenda kufyeka majani na kufukia madimbwi. Wakisoma habari za safura na kuhara damu, walichimba vyoo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imehimiza vyoo kwa faini na vitisho kwa miaka mingi. Kikundi cha majirani kiliwezesha katika msimu mmoja kile ambacho faini haikuweza. Shimo ni lile lile na jembe ni lile lile. Tofauti ni kwamba safari hii waliochimba ndio walioamua.

Sharti la kwanza, basi, lilitimia kikamilifu. Viongozi wale 75,000 walitoka kwa watu na hawakuondoka. Lakini sharti la pili lilitimia nusu tu. Kikundi kiliweza kuamua juu ya choo na dimbwi. Hakikuweza kuamua juu ya zahanati, dawa au fedha za wilaya. Wiki 12 zilipokwisha, mahali pengi vikundi vilitawanyika, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kupokea nguvu ile. Mwaka uliotangulia, 1972, halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa katika mpango wa Madaraka Mikoani. Mpango huo ulisemwa kuwa wa kuwapelekea wananchi madaraka. Kwa vitendo ulipeleka watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani.

AMRI INAPOCHUKUA NAFASI YA MAFUNZO

Mwaka huo huo wa 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mwananchi wa mashambani awe anaishi kijijini. Mwaka 1973 waliokuwa wakiishi katika vijiji vya ujamaa walikuwa karibu milioni 2. Mwaka 1977 walioishi vijijini walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 13. Watu waliopata shule, maji na zahanati kwa sababu hiyo ni wengi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mahali pengi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, na kijiji kikawekwa mahali ambapo mkulima yeyote wa eneo lile angeweza kusema kwamba pana ukame au mafuriko, kama angeulizwa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuonya juu ya viongozi wenye kiburi na ubwana. Miaka miwili baadaye, baadhi ya waliokuwa wakiufundisha walikuwa wakisimamia ubomoaji.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mwalimu mwenyewe, katika miaka ya 1980, alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na ushirika kulikuwa kosa. Sheria za 1982 zikazirudisha. Ni kiongozi mkubwa anayeweza kusema nimekosea. Ni wajibu wa Chama kuliweka kosa hilo katika mafunzo, ili kada wa leo asilirudie akidhani anagundua jambo jipya.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Tuna vyombo leo ambavyo wazee wetu wa Litowa hawakuwa navyo. Sheria inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vingali vipo, zaidi ya 50. Tuna shule mpya ya uongozi Kibaha, iliyofunguliwa mwaka 2022, tunayoshirikiana na vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Upungufu wetu, basi, si majengo.

Historia tuliyoieleza inatudai mambo matatu.

La kwanza ni kuchagua wa kufundishwa kutoka miongoni mwa wale ambao watu wamekwisha kuwaamini: mama anayeshika daftari la kikundi cha kukopeshana, kijana anayesimamia bomba la maji, mzee anayepatanisha wakulima na wafugaji. Semina ya kuwapa cheti watu wasiokuwa na wafuasi hata kumi ni kumwaga maji mchangani.

La pili ni kupima mafunzo kwa mkutano, si kwa cheti. Baada ya semina tuulize: je, mkutano wa kijiji uliitishwa? Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa? Mwanamke aliyekaa nyuma alisema? Kuna kazi iliyoamuliwa na ikafanyika? Kada ambaye kijiji chake hakijui fedha zake zimekwenda wapi hajahitimu, hata kama ana vyeti vitano ukutani.

La tatu, na ndilo zito, ni kukubali matokeo. Tukiwafundisha watu kujiamulia, siku moja wataamua jambo tusilolipenda. Watakataa zao tulilolipendekeza, au watamwondoa mwenyekiti tuliyemzoea. Siku hiyo ndiyo mtihani wetu, si wao. Mwaka 1969 mtihani huo ulitukuta, na tulianguka. Tusidhani hautarudi. Unarudi kila mara mwanakijiji anaposimama katika mkutano na kusema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba ufafanuzi," na kila mara uso wa kiongozi unapojikunja badala ya kufurahi.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakusema penye mkubwa mmoja na wengi wanaopiga makofi. Kada anayetoka chuoni leo kwenda kijijini na aende akijua kwamba amekwenda kuutumikia mkutano ule. Akiweza kuufanya uwe na nguvu kuliko alivyoukuta, hata pale ambapo nguvu hiyo itamkosoa yeye mwenyewe, atakuwa amelipa sehemu ya deni letu kwa Litowa.